Kuchaji betri ya mota ya boti kwa sola: anza hapa kabla hujaunguza kitu

Kila wiki kuna mtu ananiuliza yale yale. Ati nikiweka paneli ya wati 50 nitafika wapi, ati betri ya gari si ni betri tu, ati mbona kontrola yangu, kile kidude cha kati ya paneli na betri kinachosimamia chaji, imetoa moshi siku ya kwanza. Nshachoka kujibu mmoja mmoja nikiwa na mshipi mkononi, kwa hivo nimekaa leo nikaandika yote pahali pamoja. Soma mpaka chini kabla hujaingia dukani na pesa mfukoni, maana makosa mengi hufanyika pale pale dukani, hayangoji ufike majini.

Haya ni ya wewe mwenye boti ndogo ya faiba au mtumbwi, unayevua huku kwetu Mombasa ndani ya kriki, ile mikono ya bahari inayoingia bara, iwe Tudor, Mtwapa ama Port Reitz, au ndani ya mwamba huko Nyali na Bamburi bahari ikiwa shwari. Kama kazi yako ni kufuata nguru nje ya mwamba kusi likivuma, mota ya umeme si yako, baki na petroli. Na pale Likoni meli zinapopita na feri zinakatiza usijaribu kabisa, mota hizi hazina nguvu ya kukutoa mbele ya kitu kikubwa.

Jambo moja lazima ulishike kwanza, paneli haiendeshi mota. Mota inakula betri, na paneli inairudishia betri kile kilicholiwa, polepole, mchana kutwa. Ni kama kisima, ukichota madumu kumi kwa saa moja usitarajie maji yarudi kwa saa moja. Mota ya pauni 55 (pauni ni kipimo cha nguvu yake ya kusukuma) ukiifungua mwisho inavuta kama ampea 50, ya pauni 30 inavuta kama 30. Paneli ya wati 100 kwenye jua la saa sita inatoa ampea 5 na kidogo. Ukiona hizo namba mbili kando kando utaelewa kwa nini jamaa wa paneli ya wati 50 hurudi akipiga kasia.

Vitu vya kuwa navyo

Mota ya volti 12 ya maji ya chumvi. Nasema ya maji ya chumvi kwa sababu nyingi zinazouzwa bei rahisi zimetengenezewa maziwa na mito, ukiileta kwetu miezi michache tu skrubu zimeliwa na shafti imeganda.

Betri ya kutumika polepole, ile mafundi wanaita dipu saiko, 100Ah. Ah ni ampea-saa, yaani ampea mara saa. Betri ya gari hapana. Ile imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache iwashe injini kisha ijazwe hapo hapo, ukiikausha kila siku haimalizi mwaka. Sasa ukiwa dukani usisome maandishi tu, inyanyue. Betri ya kweli ya asidi ya 100Ah ina kilo 26 mpaka 30 hivi. Mimi niliuziwa moja imeandikwa 100Ah kwa herufi kubwa za dhahabu, nikafika nayo ufuoni, mzee mmoja akanambia hebu itundike kwenye mizani ya samaki, tukaitundika pale pale zinapopimwa changu, sindano ikasimama kilo 17. Kurudisha nikaambiwa imeshatoka dukani. Basi tangu hapo mimi huenda na mizani. Kama uwezo upo chukua lithiamu ya aina ya LiFePO4, hio ni kilo 10 mpaka 13 tu na unaweza kuitumia karibu yote, wakati ya asidi unatakiwa uishie nusu. Bei yake inauma lakini ukipiga hesabu ya miaka, mimi ningenunua lithiamu moja kuliko asidi mbili.

Paneli ya wati 100 mpaka 200, ya kioo na fremu ya aluminiamu. Zile za kupinda kama mkeka ni nyepesi na zinavutia lakini zikilazwa juu ya faiba bila hewa chini zinapika, na hazidumu.

Kontrola ya kuchaji, ampea 20. Ziko aina mbili, PWM, ile rahisi inayoshusha volti za paneli mpaka za betri, na MPPT, inayogeuza volti za ziada kuwa ampea. Kama paneli yako ni ile ya volti 18 hivi ikiwa kazini, PWM inatosha. Kama unataka kutumia paneli kubwa ya nyumba, ile ya wati 300 na volti 30 kwenda juu, lazima MPPT ya kweli, la sivo zaidi ya nusu ya nguvu inapotea bure. Nimesema ya kweli kwa vile kuna vijikontrola vyepesi vimebandikwa MPPT na ndani ni PWM tu, ya kweli ina uzito wake mkononi maana ina koili ndani.

Halafu vidogo vidogo: fyuzi ya ampea 20 ya kontrola, breka, yaani swichi inayojizima umeme ukizidi, ya ampea 60 ya mota (mota ndogo ya pauni 30 iwekee ya 40), waya ya 4mm ya kutoka kwa paneli, ya 6mm kutoka kontrola hadi betri, ya 16mm ya mota, lagi za shaba za kubana (vile vichwa vya ncha ya waya), boksi la plastiki lenye kifuniko, testa ya digitali, praisi ya kubania lagi, spana, bolti za stenlesi, vaselini, zip tai. Waya ikiwa ni ile iliyopakwa bati, nyuzi zake zikiwa nyeupe badala ya nyekundu, chukua hio hata kama imezidi bei kidogo. Testa usiikose, bila testa unabahatisha.

Hatua zenyewe

1. Jua unakula kiasi gani. Usianze na paneli, anza na safari yako. Mimi natoka asubuhi, nakwenda mwendo wa polepole kwa nusu saa, nategua malema, nasogea sogea kutafuta tafi, narudi. Mota imefanya kazi kama saa mbili, kwa mwendo wa chini unaovuta ampea 15 hivi. Mbili mara 15 ni 30Ah. Betri ya asidi haipokei yote unayoipa, kwa hivo ongeza kama asilimia 20, inakuwa 36Ah za kurudisha. Sasa paneli ya wati 100 hapa kwetu siku ya jua zuri inarudisha kama 25Ah, kwa sababu jua la kuhesabika ni kama saa 5 kwa siku, sio 12. Kwa hivo mimi wati 100 hainitoshi, nahitaji 150 kwenda juu, na nimeweka 200 kwa ajili ya mawingu. Fanya hesabu yako hivo hivo. Na kumbuka bamvua, maji yakitoka kwa kasi kwenye kriki na wewe unarudi ndani, mota itavuta mara mbili au tatu ya kawaida. Panga safari na maji, toka yakipwa rudi yakijaa, hio peke yake inakuokolea betri kuliko paneli ya pili.

2. Amua paneli itakaa wapi. Kama ni mtumbwi mwembamba, acha paneli nchi kavu, juu ya banda, uwe unabeba betri. Najua kubeba kilo 28 kwenye tope maji yakiwa yametoka ni adhabu, ndio maana nimesema lithiamu. Lakini paneli ya kioo juu ya mtumbwi ni kushindana na upepo, na ikipigwa na wimbi moja imekwenda. Kama ni boti ya faiba yenye paa la turubai na mabomba, ifunge juu hapo. Ufuoni paneli hutembea zenyewe usiku, kwa hivo tumia bolti za kufungulika kwa spana maalum au uwe unaivua ukilala.

3. Funga paneli, acha hewa chini. Vidole vitatu vya nafasi kati ya paneli na paa. Paneli ikipata moto sana volti zinashuka. Hapa Mombasa tuko karibu sana na ikweta kwa hivo usihangaike kuielekeza huku na huku, ilaze, ipe mwinamo kidogo tu ili mvua iteremke na kinyesi cha ndege. Jambo la kuangalia ni kivuli. Watu hawaamini hili mpaka waone, mimi mwenyewe niliona siku testa inasoma ampea 5, nikalaza viganja viwili juu ya seli moja, seli moja tu, ikaanguka mpaka chini ya 1. Kwa hivo nguo ya kuanikwa juu ya paa, ndoo, mlingoti, kaka aliyekaa na mguu wake hapo, vyote viondoke.

4. Betri iingie kwenye boksi. Iwe imefungwa kwa mkanda isihame boti ikiyumba, na iwe juu ya kipande cha mbao isikae kwenye maji ya ndani ya boti. Betri ya asidi ikichajiwa inatoa hewa inayowaka, toboa matundu juu ya boksi na usivute sigara hapo. Na maji ya bahari yakiingia ndani ya betri ya asidi yanatoa klorini, hewa ya sumu, sio mchezo kwenye boti ndogo.

5. Weka fyuzi kwenye betri kabla ya kitu kingine. Kwenye waya ya chanya, ndani ya shubiri moja kutoka kwa temino, yaani kichwa cha betri. Fyuzi haimlindi mota, inakulinda wewe waya isishike moto. Nimeona mtu ameweka fyuzi kwa kontrola, mita mbili kutoka kwa betri, hio mita mbili yote haina ulinzi.

6. Unganisha kwa mpangilio huu. Betri kwanza kwa kontrola, hasi halafu chanya. Ngoja taa ya kontrola iwake. Ndipo ulete waya za paneli, tena paneli ukiwa umeifunika na kitambaa cheusi au gunia. Ukianza na paneli, kontrola inapokea volti 20 na hakuna betri ya kuipa, nyingi hufa hapo hapo. Wakati wa kutoa ni kinyume, paneli inatoka kwanza, betri mwisho. Na kabla hujabana chochote gusisha testa uhakikishe chanya ni chanya, rangi ya waya isikudanganye. Ule moshi nlioutaja juu, wa kwanza ulikuwa wangu mimi, waya za paneli fundi aliziunga zote nyeusi na mimi nikaamini.

7. Iambie kontrola una betri gani. Kuna kitufe. Ya asidi ya kumimina maji inataka kama volti 14.4 hadi 14.8, LiFePO4 inataka 14.2 hadi 14.6 na haitaki ile chaji ya kusafisha plate inayopanda juu ya hapo. Soma kitabu cha betri yako ufuate namba zake, sio zangu.

8. Mota iende moja kwa moja kwa betri. Hili ndilo kosa namba moja kabisa. Kontrola ina matundu mengine mawili yamechorwa taa, watu huchomeka mota hapo. Yale ni ya taa na redio, mengi hayavuki ampea 10 au 20. Mota inataka 50. Mota inapata waya yake nene ya 16mm, na breka yake, mpaka kwenye temino za betri. Usiizungushe popote pengine.

9. Pima. Jua likiwa kali, testa kwenye paneli peke yake isome volti 20 hadi 22. Ukiunganisha, testa kwenye betri isome namba inayopanda taratibu, 12.6, 12.9, 13.3 hivo hivo. Hapo kazi imekubali, nenda kanywe kahawa.

10. Mazoea ya kila siku. Ukirudi, suuza mota na maji baridi, hata ile ya maji ya chumvi, na uangalie kipande cha zinki nyuma ya propela, kikiliwa badilisha. Futa paneli na kitambaa chenye maji baridi maana chumvi ikikauka inaweka utandu. Betri ya asidi isilale nusu hata usiku mmoja ukiweza, plate zinaota ganda na ganda halitoki. Ongeza maji ya betri baada ya kuchaji, sio kabla, na sio maji ya mfereji na sio asidi. Masika, hasa mwezi wa tano, kuna siku paneli itarudisha chini ya nusu, kwa hivo ama upunguze safari ama uwe na chaja ya stima nyumbani.

Wanaouliza kuhusu mota za volti 24: hapo betri mbili zinaungwa mfululizo, na paneli na kontrola nazo ziwe za 24. Usije ukachaji betri moja tu kati ya hizo mbili ati ndio iliyo karibu, itakula mwenziwe.

Na kasia libaki kwenye boti. Na jaketi la kuokolea.

Ikikataa

*Kontrola haiwaki kabisa.* Angalia fyuzi. Ikiwa nzima pima betri, kontrola inakula kutoka kwa betri, sio kwa paneli, betri ikiwa imekauka sana haioni kitu. Lithiamu ikisoma sifuri usiitupe, mara nyingi ni ulinzi wa ndani umejifunga kwa sababu uliikausha, chaja yenye uwezo wa kuiamsha itaifungua.

*Paneli ina volti lakini ampea hakuna.* Kwanza, betri imejaa? Ikijaa kontrola inafunga, hio ni sawa. Haijajaa? Tafuta kivuli, halafu fungua zile soketi za paneli uangalie ndani, zikiingia chumvi zinasoma volti vizuri na haziachi mkondo upite.

*Betri inajaa haraka sana na inaisha haraka sana.* Imezeeka. Ya asidi ikishapumzika saa kadhaa bila chaji inatakiwa isome kama 12.7, nusu ni kama 12.2. Ikipumzika 12.7 halafu ukiwasha mota inaporomoka mpaka 10, hakuna paneli itakayoiponya. Lithiamu usiihukumu kwa volti, inasema 13.2 ikiwa na nyingi na ikiwa na kidogo, nunua mita ya betri ile inayohesabu ampea.

*Waya inapata moto.* Ama ni nyembamba ama lagi haijabana. Zima, usiendelee ati mpaka ufike.

*Mota inakohoa, inawaka inazima, na betri inasoma vizuri.* Hii nusura initie wazimu. Nilibadilisha breka, nikafungua swichi, nikalaumu betri. Mwisho nikaweka testa kwenye temino za betri mota ikizunguka, 12.4. Nikaihamishia kwenye ncha za waya upande wa mota, 9 na kitu. Kumbe volti tatu zinapotea njiani. Nikachana mpira wa waya karibu na lagi, ndani kulikuwa kijani tupu, unga unga, chumvi ilikuwa inapanda ndani ya waya kama maji kwenye utambi. Nilikata, nikachana, nikakata tena, karibu shubiri nzima ndio nikaona shaba inayong'aa. Nikabana lagi mpya, nikajaza vaselini, nikafunga mpira juu yake, na mota ikazunguka saa hio hio.